Mwongozo kamili wa kupanga na kurekebisha aya, kuanzia rasimu ya vurugu mpaka maandishi yanayosomeka

Watu wengi wakimaliza kuandika kitu, iwe barua, ripoti ya kikundi, insha ya mtoto wa sekondari au andiko la kuombea mkopo, cha kwanza wanachokimbilia ni makosa ya herufi. Wanahangaika na "hali" na "ari", wanahamisha koma, wanabadilisha fonti, halafu haya, printi. Mimi nafanya kazi steshenari hapa Ngamiani, Tanga, nachapa na kupanga maandishi ya watu kila siku, na nasema kwa moyo mmoja kabisa kwamba herufi ni kazi ya mwisho. Kazi ya kwanza ni aya. Aya zikiwa hazijakaa sawa unaweza kuondoa kila kosa la herufi na msomaji bado akatoka kapa, na zikiwa zimekaa sawa hata kikikosekana kiherufi kimoja mtu anakuelewa na anakusamehe.

Nimeandika huu mwongozo kwa yeyote ambaye tayari ana kitu alichokiandika, kibaya kizuri, na anataka kikae vizuri. Kama bado hujaandika, andika kwanza, mwaga kila kitu kilichomo kichwani bila kujihukumu, ukitaka kupanga na kubuni kwa wakati mmoja utakaa na sentensi ya kwanza mpaka jioni.

Aya ni nini, tuelewane kwanza

Shuleni tuliambiwa aya ni fungu la sentensi zenye wazo kuu moja. Sawa, ni kweli, ila kwenye kazi mimi natumia maneno mepesi zaidi, kwamba aya moja inajibu swali moja la msomaji. Nyie ni nani? Mnataka nini? Tatizo ni lipi? Pesa mtarudishaje? Kila swali linapewa aya yake, na aya ikianza kujibu maswali matatu kwa mpigo ujue ishaharibika, haijalishi sentensi zake ni tamu kiasi gani.

Kwa nini nang'ang'ania maswali? Kwa sababu anayesoma hana muda wako. Afisa maendeleo ya jamii ana rundo la mafaili mezani, mwalimu ana madaftari ya darasa zima, mwajiri ana barua za watu chungu nzima wanaoomba nafasi moja. Huyo mtu hasomi kama anayesoma hadithi usiku kitandani, anatafuta majibu. Anapiga jicho sentensi ya kwanza ya kila aya, akikuta jibu anatulia na kusoma, asipolikuta anaruka. Ndiyo maana kupanga aya ni kumheshimu msomaji, naliamini hilo sana.

Hatua ya kwanza: iache ilale

Ukimaliza rasimu usiiguse papo hapo. Iache ilale usiku mmoja, au kama ni ya haraka nenda kaswali, kanywe chai, rudi. Ukiisoma ikiwa bado ya moto unasoma yaliyomo kichwani, husomi yaliyomo kwenye karatasi. Hapa sina zaidi, twende mbele.

Hatua ya pili: andika pembeni kila aya inasema nini

Hii ndiyo hatua yenyewe hasa, ukiifanya hii peke yake na nyingine ukaziacha bado utakuwa umepata faida kubwa. Chukua kalamu, na kila aya uiandikie pembeni maneno yasiyozidi saba yanayosema aya hiyo inajibu nini. Ukishindwa kuyapata hayo maneno, aya haina kazi. Ukijikuta unaandika "hiki NA kile NA kile", aya ina kazi nyingi mno. Aya mbili zikitoka na maneno yaleyale, moja imerudia.

Nionyeshe kwa mfano. Tuseme kuna kikundi cha kina mama wanaouza dagaa wakavu pale Deep Sea, wanaandika kuomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambao unagawiwa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Rasimu yao ni aya moja tu, hii hapa:

*"Sisi ni kikundi cha wanawake tunaojishughulisha na biashara ya dagaa katika soko la Deep Sea, Tanga. Dagaa ni chakula muhimu chenye virutubisho vingi mwilini. Mvua za masika zikinyesha dagaa huoza. Kikundi chetu kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Tunaanika chini kwenye mchanga hivyo bei inashuka. Tunaomba mkopo wa shilingi 3,000,000. Siku za giza dagaa wanakuwa wengi na bei inakuwa chini sana. Wanachama wetu wote ni wakazi wa Tanga na tuna akaunti benki. Tukipata vichanja tutaanika vizuri. Pia siku za mbalamwezi dagaa wanakuwa adimu. Mkopo huo tutanunua mbao, nyavu na maturubai."*

Kila sentensi hapo ni ya kweli, na hakuna hata moja yenye kosa kubwa la lugha. Lakini soma tena uone unavyorushwa huku na kule. Sasa tuandike pembeni, kwa hii iliyo fupi tufanye sentensi kwa sentensi: sisi nani, dagaa ni nini, tatizo, sisi nani, tatizo, ombi, soko, sisi nani, suluhisho, soko, matumizi ya pesa. Unaona? "Sisi nani" imetawanyika sehemu tatu. Tatizo liko sehemu mbili na katikati yake kumekaa mweka hazina. Ombi lenyewe, ambalo ndilo roho ya andiko zima, limejificha katikati kabisa kama vile wanaona haya kulisema.

Mtu akiniletea kitu cha namna hii sianzi na karatasi, naanza na yeye. Namwambia mama, hebu weka hiyo karatasi chini, nieleze kwa mdomo, mnataka nini hasa? Na mara nyingi anajibu palepale: "Mwanangu, dagaa tunao, lakini tunawaanika mchangani, wakikauka wana mchanga, mnunuzi anatukata bei. Tunataka vichanja." Hilo jibu limenyooka, lina tatizo, sababu na ombi, na kwa mpangilio unaoeleweka. Kwa hiyo ukikwama na aya funga daftari umwambie mtu kwa mdomo, au jirekodi kwenye simu, halafu andika mpangilio ule uliotoka mdomoni. Maneno utayasafisha baadaye, mpangilio ndio dhahabu.

Hatua ya tatu: kata, gawa, unganisha

Ukishakuwa na maneno ya pembeni kazi inakuwa rahisi. Zinazojibu swali moja ziweke pamoja. Isiyojibu swali lolote la msomaji huyu iondoe, hata kama unaipenda. Kwa kina mama wetu ile sentensi ya virutubisho inakwenda na maji, maana afisa wa halmashauri hajauliza kama dagaa wana virutubisho, anajua, na amekula jana. Ni sentensi nzuri kwenye kipeperushi cha lishe, hapa haina kazi.

Baada ya kukusanya, andiko linakuwa hivi:

*"Sisi ni kikundi cha wanawake wakazi wa Tanga tunaouza dagaa wakavu katika soko la Deep Sea. Tunaomba mkopo wa shilingi 3,000,000 ili tujenge vichanja vya kuanikia dagaa na kununua maturubai ya kuwafunika mvua inaponyesha. Kikundi kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na kina akaunti benki.*

*Tatizo letu kubwa ni mahali pa kuanika. Kwa sasa tunaanika chini, juu ya mchanga. Dagaa wakikauka wanabaki na mchanga, na wanunuzi wanatupunguzia bei. Wakati wa masika hali inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu dagaa wakikutwa chini na mvua hawakauki, wanaoza.*

*Vichanja vitatuwezesha kuweka akiba na kurejesha mkopo. Dagaa huvuliwa kwa wingi siku za giza, na siku hizo bei huwa chini. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa huadimika, na bei hupanda. Tukiwa na dagaa waliokauka vizuri tutawahifadhi kutoka siku za giza na kuwauza wakiwa adimu. Nyongeza hiyo ya bei ndiyo tutakayoitumia kurejesha mkopo."*

Angalia kitu kimoja ambacho mimi hunifurahisha kila mara. Kwenye rasimu habari ya giza na mbalamwezi ilikuwa imeelea tu, hujui inafanya nini pale. Ni kweli kabisa, wavuvi wa dagaa wanatumia taa, na taa inawavuta dagaa kukiwa giza, mwezi ukiwa mkubwa mwanga wa taa unapotea kwenye mwanga wa mwezi. Ila haikuwa na kazi. Tulipoiweka karibu na vichanja ghafla ikawa ndiyo hoja ya kurejesha mkopo, hoja ambayo kwenye rasimu haikuwepo kabisa! Ukipanga aya unagundua mashimo. Utaona swali fulani la msomaji halina aya, na hapo ndipo unaporudi kuwauliza wenzako, jamani, hili mbona hatukulisema?

Sasa kuhusu kugawa, watu huniuliza aya iwe na mistari mingapi. Haina idadi. Gawa pale swali linapobadilika, wakati unapobadilika, mahali panapobadilika au anayezungumza anapobadilika. Ikiwa swali bado ni lilelile lakini aya imekuwa ndefu mno, hasa kitu cha kusomwa kwenye simu ambapo aya ya kawaida ya A4 inajaza skrini nzima, tafuta ndani yake kona ya asili ukate hapo. Kinyume chake nacho kipo, kuna watu kila sentensi wanaipa aya yake, unashuka unashuka unashuka, kila kitu kinaonekana kina uzito sawa na mwisho hakuna chenye uzito. Hizo ziunganishe.

Hatua ya nne: zipange aya kwa mfuatano wenye sababu

Kuna mfuatano wa wakati, wa mahali, wa sababu na matokeo, na wa uzito yaani kubwa kwanza ndogo baadaye. Huhitaji kuwa msomi kujua utumie upi, swali lako kuu ndilo linalokuchagulia.

Mahali ndio rahisi kupita yote, fuata miguu ya mtu. Ukimwelekeza mgeni Ngamiani hutaki shida, barabara zetu zina namba, unamwambia shuka barabara ya 8, nenda mpaka ya 12, kata kushoto, na aya inafuata njia hiyohiyo. Ukianza na rangi ya geti kabla hujamtaja mtaa, umempoteza.

Wakati na sababu ndipo watu wanapochanganya. Chukua insha ya mkonge, maana mwanafunzi wa Tanga lazima siku moja aandike kuhusu mkonge. Habari anazo: asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika huku ikiwa hai ni 62 tu. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Watu walikuja kutoka mbali kufanya kazi mashambani, wakaitwa manamba. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha singa, yaani nyuzi za mkonge za kusokotea kamba, tani kama 230,000. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashamba mengi yalichukuliwa na serikali. Kamba za plastiki zikaja, bei ikaanguka.

Kama swali ni "Eleza historia ya mkonge", panga kwa wakati, 1893 mpaka leo, kazi imeisha. Lakini swali likiwa "Kwa nini uzalishaji wa mkonge ulishuka?", ukianza tena na Hindorf na miche yake 62 utamaliza ukurasa mzima kabla hujagusa jibu. Hapo unapanga kwa sababu, aya moja ya kilele cha 1964 ili msomaji ajue zao lilianguka kutoka wapi, aya ya plastiki na bei ya dunia, aya ya umiliki na uendeshaji wa mashamba baada ya 1967. Hindorf anapata nusu sentensi, au hapati kitu. Habari ni zilezile, swali limebadilika, mpangilio lazima ubadilike. Hili nalisisitiza kwa wanafunzi mpaka sauti inakauka, kwa sababu wengi wanakariri insha moja na kuimwaga kwenye kila swali lenye neno mkonge.

Kama huna kompyuta, au hata unayo lakini kichwa kimechoka, printi au andika kila aya kwenye kipande chake cha karatasi, au chukua mkasi uikate rasimu, halafu vitandaze hivyo vipande mezani na uanze kuvihamisha kwa mkono. Kwenye skrini unaona aya mbili tatu tu kwa wakati mmoja, mezani unaona zote. Aya inayokwenda popote bila kuharibu kitu mara nyingi ndiyo isiyo na kazi. Zungusha feni upande mwingine tu, vipande vinaruka.

Hatua ya tano: sentensi ya kwanza ya kila aya

Rudi juu uangalie zile aya tatu za dagaa. "Tatizo letu kubwa ni mahali pa kuanika." "Vichanja vitatuwezesha kuweka akiba na kurejesha mkopo." Ukisoma sentensi za kwanza peke yake unapata muhtasari wa andiko zima. Fanya jaribio hilohilo kwenye lako, kopi sentensi za kwanza zote, zipesti mahali pamoja, zisome kwa mfululizo. Zikisimulia habari inayoeleweka umefaulu. Zikiwa ni "Kama tunavyojua...", "Tangu enzi na enzi...", "Katika dunia ya leo ya sayansi na teknolojia...", zifute, mara nyingi sentensi ya kwanza yenye maana ni ile ya pili au ya tatu, ipandishe.

Je, lazima wazo kuu likae mwanzo? Kwenye barua, ripoti na mtihani mimi nasema ndiyo, usihangaike. Kwenye simulizi unaweza kulichelewesha, msomaji wa simulizi ana subira na ndiyo raha yake.

Hatua ya sita: sentensi zishikane mikono

Aya inaweza kuwa na wazo moja na bado ikasomeka kama lori kwenye barabara ya makorongo. Mara nyingi tatizo ni kwamba kila sentensi inaanza na kitu kipya ambacho msomaji hajakutana nacho. Dawa yake: anza sentensi na kitu kilichokwisha kutajwa, malizia na kipya, na hicho kipya ndicho kianze sentensi inayofuata. Tazama hii kuhusu mapango ya Amboni:

*"Mapango ya Amboni yamo kwenye mwamba wa chokaa. Asidi kidogo imo kwenye maji ya mvua. Nyufa hupanuka kwa miaka mingi sana. Chokaa huyeyushwa na asidi hiyo."*

Kila kitu kimo, lakini kuunganisha umeachiwa wewe. Sasa hii:

*"Mapango ya Amboni yamo kwenye mwamba wa chokaa. Chokaa huyeyushwa polepole na maji ya mvua, kwa sababu maji hayo yana asidi kidogo. Yakipenya kwenye nyufa za mwamba huzipanua, na nyufa zilizopanuka kwa miaka mingi sana ndizo zilizogeuka kuwa mapango."*

Chokaa, maji, nyufa, mapango. Hakuna "pia", hakuna "aidha", na bado inateleza. Viunganishi ni vizuri, ila watu wanavitumia kama gundi ya kubandika vitu visivyohusiana. Ukiandika "kwa hiyo" jiulize, hivi kweli la pili limetokana na la kwanza? Ukiandika "hata hivyo" jiulize, kuna mgongano wowote hapa? Na "pia" ndiyo inayotumika vibaya kuliko zote, ukikuta aya yenye "pia" tatu ujue mwandishi alikuwa anarundika tu. Zitoe zote usome, ulipokwama ndipo urudishe moja.

Hatua ya saba: nani kafanya nini

Hapa nataka tukae kidogo maana ndipo ugomvi unapozaliwa, hasa kwenye mihtasari ya vikao. Kiswahili kinatuachia tutumie kiambishi bila kutaja jina, na ni raha sana, lakini watu wote wana "a" moja. Soma hii:

*"Mwenyekiti alimwambia katibu kuwa amekosea na anatakiwa kurudisha pesa."*

Nani kakosea? Mwenyekiti anakiri au anamshutumu katibu? Nani arudishe? Aliyekuwepo kikaoni anajua, lakini karatasi itasomwa mwakani na mtu ambaye hakuwepo. Andika "Mwenyekiti alimwambia katibu: wewe katibu umekosea, unatakiwa kurudisha pesa", au "Mwenyekiti alikiri mbele ya katibu kwamba yeye mwenyekiti ndiye aliyekosea". Kurudia cheo si kosa. Tulifundishwa kuepuka kurudiarudia maneno, sawa, lakini kwenye pesa na majukumu rudia.

Vitu navyo vina mtego wao. Ngeli nyingine zinakusaidia, ukisema "kitabu na mkoba, kikapotea", kila mtu anajua ni kitabu. Ila maneno mengi ya ofisini, barua, ripoti, risiti, benki, akaunti, simu, kompyuta, yote yanakwenda na "i". Kwa hiyo "Ripoti ilipelekwa na risiti yake, lakini ilipotea, ikaleta shida" inakuacha hewani, ripoti au risiti? Kila unapokutana na "i" ya namna hii rudi nyuma uhesabu, kama kuna nomino mbili zinazoweza kuidai, taja jina.

Halafu kuna "iliamuliwa", "ilionekana", "ilikubaliwa". Na nani? Kama unajua, sema. "Wanachama walikubaliana" ina nguvu kuliko "ilikubaliwa", na inakulinda kesho mtu akikataa.

Hatua ya nane: soma kwa sauti

Soma kwa sauti, au afadhali zaidi mpe mtu mwingine akusomee wewe ukisikiliza. Pale anaposita, weka alama. Pale anaporudi nyuma kusoma tena, weka alama. Usimweleze kitu, usimwambie "hapo nilimaanisha...", kwa sababu hutakuwepo afisa akiisoma. Sentensi iliyomaliza pumzi ya msomaji ikate. Kama kuna mzee nyumbani aliyezoea kusikiliza taarifa ya habari redioni, mwombe kwa adabu, shikamoo babu naomba unisikilizie hii, ukimaliza muulize tu amesikia nini. Akikurudishia yale maneno uliyoandika pembeni kwenye hatua ya pili, aya zako zinafanya kazi. Akikurudishia kitu kingine, usibishane naye, rudi kwenye karatasi.

Hatua ya tisa, ndiyo sasa herufi

Sasa ndiyo uwinde r na l, h zilizodondoka, koma, herufi kubwa. Tafuta "ambayo" zilizofuatana, nyingi unaweza kuzikunja, "barua ambayo iliandikwa" ikawa "barua iliyoandikwa". Na ukitumia programu ya kukagua makosa iliyowekewa Kiingereza usiiachie ibadilishe yenyewe, itakugeuzia maneno yako kuwa vitu vya ajabu.

Halafu kuna ukaguzi mmoja ambao karibu kila mtu anausahau. Umehamisha aya, si ndiyo? Basi marejeo yote yamehama. "Kama tulivyoeleza hapo juu" inawezekana sasa iko chini. "Tatizo la pili" limekuwa la kwanza. Kifupisho ulichokifafanua aya ya tatu sasa kinatokea aya ya kwanza bila maelezo. "Mama huyo" ametangulia kabla hatujaambiwa ni mama gani. Na kiasi cha pesa, kama aya moja inasema 3,000,000 na jedwali la bajeti likijumlishwa linatoa 2,850,000, hapo andiko lote linatiliwa shaka hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Chukua kalamu, zungushia kila "hapo juu", kila "huyo", kila "hiyo", kila namba, fuata moja moja mpaka uone inakoelekea. Ile rasimu ya zamani usiifute, ihifadhi kwa jina lake na tarehe, kuna sentensi utakayoikata leo na kikundi kikaihitaji kwenye ripoti ya marejesho. Kisha printi nakala mbili, moja ya kupeleka na moja ya kugongewa muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.